Tufani ya Arobaini na Moja

Dar es Salaam, 12 Februari 1912

Kwa Bwana Fundi Rajabu bin Makame, Dodoma.

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ni Bartolomayo, mzaliwa wa Mpwapwa, zamani mwalimu wa misheni, sasa mwandishi wa Bwana Daktari mmoja wa Kidachi anayetunga kitabu kikubwa. Kitabu hicho kitaeleza kila jambo la nchi hii kwa kufuata herufi, kuanzia A kama asali mpaka Z kama zeze. Kwao Ulaya wanavyo vya namna hiyo. Mtu akitaka kujua neno hasumbui jirani, anafungua kabati.

Mimi nimepewa herufi T, na katika T nimepewa Tufani za Bara. Nimekusanya barua za wasafiri, wafugaji, wamisheni na watu wa mijini, nikapanga tufani arobaini na moja. Bwana Daktari anataka watu wenye kujua upepo waipime orodha kabla haijapigwa chapa mwisho wa Aprili. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa mapaa wa kwanza Dodoma. Isome, useme palipo na kosa, kisha uipe alama, kuanzia moja mpaka tano. Nakala nyingine zimekwenda kwenye maboma, ili mabwana wa ujenzi wajue mapaa yapi yalisimama na yapi yalianguka.

Mwisho nakupa pole kwa yale yaliyokufika. Mungu awalaze pema.

Wako mtiifu,
Bartolomayo


Dodoma, mwezi 8 Mfunguo Sita 1330

Kwa Mwalimu Bartolomayo.

Salamu zimefika. Pole zako nazirudisha, maana sijafiwa. Labda bahasha ya mtu mwingine ilichanganyika na yangu, na kwa jinsi nilivyoiona kazi yako sitashangaa.

Mimi sikusoma kwenye benchi. Nilikuja hapa reli haijafika, na msumeno wa kuazima. Leo ukisimama stesheni, kila paa la bati unaloliona ni langu, isipokuwa mawili, na hayo mawili yanavuja. Kwa hiyo upepo naujua kwa mgongo. Nilianza kusoma orodha yako kwa hamu, nikamaliza kwa kinyaa.

Umeandika tufani arobaini na moja. Tuzipepete.

Kumi na saba ni za Zuzu, zote za mwaka mmoja, zote za kiangazi, na kila moja "ilizunguka, ikainua vumbi, ikapita". Mwalimu, hiyo ni chamchela! Watoto wanaikimbiza kwa vijiti. Ikimkuta mama na ungo wake itamwaga pumba, ndio ukubwa wake wote. Ukiita hiyo tufani, mbuzi akipiga chafya utaiita nini? Zimebaki ishirini na nne.

Kumi na moja ni marudio. Kwa mfano, upepo wa Nzuguni wa mwaka reli ilipofika, mimi nilikuwapo, ulivunja mtama na kung'oa mabati ya kambi ya makuli. Wewe umeuweka mara tatu. Mara ya kwanza Machi, kwa maneno ya wamisheni. Mara ya pili "mwaka wa chuma", kwa maneno ya Wagogo. Mara ya tatu umeuweka Juni, eti kwa barua ya msafiri aliyeandika Mfunguo Sita! Nani alikwambia Mfunguo Sita ni Juni? Mifunguo inahesabiwa tangu watu walipofungua saumu, haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Mtu mzima, mwalimu, unamnyeshea Mgogo mvua mwezi wa Juni! Zimebaki kumi na tatu.

Tano nyingine ni za kosa hilohilo, mvua kubwa katikati ya kiangazi. Nimezitupa, sina haja ya kuzifufua. Zimebaki nane.

Moja ni "upepo uliompiga Anyesi wa Nzuguni, ukampinda mdomo". Yule mama aliugua, amepooza upande. Watu wakisema kapigwa na upepo hawasemi habari za mawingu. Zimebaki saba.

Moja ni ya Ihumwa: "upepo mweusi wenye moshi na kishindo, ulitoka mashariki ukaelekea Zuzu, ng'ombe wakakata kamba." Hiyo ni treni. Kuna mzee alikuwa anakutania, nawe ukamwandika. Zimebaki sita.

Sasa nageuza karatasi ya mwisho nakuta ya arobaini na moja. Naiandika kama ilivyo: "Dodoma, 1911, mwezi haujulikani. Paa la nyumba ya Rajabu bin Makame, fundi wa mapaa, lilishuka, hata boriti zikatikisika. Wakatutoka watu wanne. (Barua ya M. wa Ihumwa.)"

Baa gani hili ulilonishushia, Mwalimu? Baa gani? Nyumba yangu niko ndani yake sasa hivi, naandika chini ya bati nililoligongomea mwenyewe, na hakuna hata msumari mmoja uliochomoka. Hakuna aliyekufa humu. Mimi ni mtu wa hesabu. Watu wanne wakipungua nyumbani kwangu nitajua.

Futa mara moja. Na hayo yasomwa bomani!

Umetaka alama. Nakupa moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya karatasi, karatasi ni nzuri.

Rajabu bin Makame


Dar es Salaam, 8 Machi 1912

Kwa Bwana Fundi Rajabu.

Barua yako imenifurahisha kuliko zote. Nilimwonyesha Bwana Daktari ile alama ya moja, akanishika mkono mbele ya makarani. Katika shule za Kidachi, kama ujuavyo, moja ndiyo alama ya juu, na tano ni ya mjinga. Fundi wa Tabora alinipa tano, nikalala bila kula.

Nakiri mwandiko wako wa Kiarabu umenitoa jasho. Herufi hizo nilijifunza ukubwani, nami nimesoma kwa kukisia hapa na pale. Nimeelewa unasifu wingi wa tufani za Zuzu, na kwamba kuna jambo kuhusu mbuzi. Tena nimeona umeweka tarehe ya mwezi wa sita, hali sisi tuko Machi. Nadhani ni haraka ya kazi.

Mwishoni umeniuliza mara mbili, "paa gani hili?" Ni paa la nyumba yako, Bwana Fundi, lile lililoshuka mwaka jana. Naona msiba umekuchanganya hata umesahau, nami sitaki kukutonesha. Jambo hilo nimelitia kama lilivyoletwa na shahidi, na halitabadilishwa neno.

Wako mwenye shukrani,
Bartolomayo


Dodoma, 15 Machi 1912

Mwalimu,

Leo naandika kwa herufi za Kidachi, nilizojifunza kwa ajili ya mikataba. Zinaniumiza vidole, lakini nimechoka kusomwa na mtu anayekisia.

Moja yangu ni ya chini kabisa. Chini yake sikuwa na kitu, ningekupa. Yule fundi wa Tabora ni ndugu yangu kwa kunena kweli, akuongezee nyingine tano.

Sasa sikiliza, ndipo nilipokushika. Mimi nilikuuliza BAA gani. B, A, A. Baa ni balaa, msiba, kitu kinachomshukia mtu. Wewe umesoma PAA. P. Kwa sababu katika mwandiko wa kwetu b na p zinaandikwa kwa herufi moja, yenye nukta moja chini, na msomaji anachagua kwa akili yake. Mtoto wa chuoni anachagua. Wewe hukuchagua. Basi naapa, na barua ya huyo M. ilikuwa na baa, nawe umelifanya paa, ukaliangusha juu ya kichwa changu.

Unajua limeshaniletea nini? Jumatatu bwana wa ujenzi aliniita. Lile ghala jipya la stesheni, ambalo nilishalipima, tulikwisha patana boriti na mabati, amenisimamisha. Ameweka kidole kwenye nakala yako. Akaniambia kwa Kiswahili chake: "Wewe nyumba yako kuanguka, watu nne kufa. Ghala langu iko na watu ishirini." Nikamwambia bwana, twende tukaitazame nyumba, imesimama. Akasema umeijenga upya. Nyumba nzima inakuwa ushahidi wa uongo wangu! Amenipa mpaka kitabu kipigwe chapa. Jina langu likitoka humo, ghala ni langu. Likibaki, sitaezeka hata banda la kuku katika mji huu.

Nikaanza kumtafuta huyo M. wa Ihumwa. Wa kwanza niliyemdhania ni mzee Matonya, maana ndiye aliyekutania habari ya treni, amekiri mwenyewe na kucheka. Nilimkuta mnadani anauza dume.

"Shikamoo mzee. Umeniulia watu wanne."

"Marahaba. Wapi?"

"Nyumbani kwangu. Umeandika paa langu limeshuka."

"Mimi? Mimi kuandika najua alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Na kwako, fundi, kuna nani aliyebaki wa kufa?"

Mnada mzima ukacheka. Hasani, niliyemfundisha mimi kushika nyundo, akacheka kuliko wote.

"Ihumwa kuna M wengine," Matonya akaniambia. "Wahesabu. Si unajua kuhesabu?"

Nikamwacha na dume lake. Uchafu mtupu, mzee mwenye mvi anamdhihaki mtu aliyeharibiwa jina. Nataka kwako mambo mawili. Jina zima la M., na maneno yake kama alivyoyaandika, neno kwa neno, bila hekima yako.

Rajabu bin Makame, fundi


Dar es Salaam, 22 Machi 1912

Bwana Fundi Rajabu,

Nimesoma barua yako nimesimama, sikuthubutu kukaa. Nimemwendea sheikh mmoja wa mtaani nikamwekea barua zote za mwandiko wa Kiarabu. Alipofika ya kumi aliomba maji. Orodha yangu imekufa, naijenga upya, na zile hesabu zako za kupepeta ndizo ninazozifuata. Naomba radhi.

Maneno ya shahidi wa Ihumwa, kama sheikh alivyoyasoma, ni haya:

"Umeuliza tufani kubwa niliyoiona kwa macho yangu. Haikuwa ya mvua. Ni baa lililoshuka nyumbani kwa Rajabu bin Makame, fundi wa mapaa, hapo Dodoma, mwaka jana. Hata boriti zikatikisika. Tukatoka wanne."

Ni baa. Ulisema kweli. Na lile "tukatoka" mimi niliona mwandishi amekosea, nikarekebisha, "wakatutoka", nikadhani wamekufa. Sijui sasa maana yake ni nini, wala siulizi.

Jina ni Mwanamvua binti Athuman. Nilidhani ni jina la kubuni, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza habari za mvua, ndiyo maana nikaandika M. tu.

Kuna uzito mmoja. Nakala imeshafika maboma, na boma la Dodoma limeandika vifo vinne. Bwana Daktari anasema ushahidi hautafutwa kwa maneno ya mtu anayelalamika. Lazima shahidi mwenyewe aandike kwamba paa halikushuka. Akiandika kabla ya mwisho wa Aprili, tutapeleka masahihisho bomani siku hiyohiyo.

Bartolomayo


Dodoma, 28 Machi 1912

Kwa Mwanamvua binti Athuman, Ihumwa.

Sikuandikii kwa lingine lolote. Kuna mwalimu mmoja huko pwani aliuliza habari za upepo, nawe ukampelekea habari za nyumba yangu. Amezisoma kinyume, imekuwa paa langu limeanguka na kuua watu wanne. Kwa ajili hiyo nimesimamishwa kazi ya ghala.

Mtu mzima anaulizwa swali la maana, anajibu mafumbo! Nimechukizwa, na sifichi. Mambo ya ndani nilidhani yaliishia siku ile.

Andika mistari mitatu tu: kwamba nyumba ya Rajabu imesimama, kwamba paa halikushuka, kwamba hakuna aliyekufa. Mpe karani wa stesheni, ataituma.

Rajabu bin Makame


Ihumwa, mwezi 14 Mfunguo Saba

Kwa Baba Sikudhani.

Salamu hukuweka, basi chukua zangu.

Barua yako nilimsomea mama. Alicheka mpaka akakohoa, akasema muulize kama anataka na kanzu tumfulie. Mimi sikucheka. Nilifikiri ya kwamba mwaka mzima umepita, na karatasi ya kwanza unayoniletea ni ya bati.

Nikwambie kwa nini niliandika. Tangazo lile lilisomwa stesheni: kila mwenye kuona tufani aandike. Nikawaza, nimeona nini mimi? Mvua? Mvua nimezaliwa ndani yake, ndiyo jina langu. Nikaikumbuka siku uliyoshika kibaba ukapima unga wangu mbele ya mama, kwa sababu ya vibaba viwili vya unga wa mtama nilivyompa Dorkasi wa nyumba ya pili, watoto wake walikuwa wanalala na njaa. Ukasema mtungi ulikuwa na kumi na vinane, sasa una kumi na sita. Nikakwambia ndiyo, viwili vimeliwa na watu. Ukapiga kelele hata kuku wakapanda juu ya boriti, kisha ukalitamka lile neno la talaka. Sikuomba. Nikamchukua mama, na watoto, Sikudhani na Msafiri, tukatoka. Hiyo ndiyo tufani niliyoiona. Sikuandika fumbo, niliandika nilivyoona. Huyo mwalimu kama hajui kusoma hilo ni lake. Nasikia katika mwandiko wetu fundi wa mapaa anaweza kusomeka fundi wa mabaa. Hapo hakukosea sana.

Sasa sikia. Paa lako ni zuri. Hata nikiwa na hasira siwezi kulisema vibaya. Miaka minane nimelala chini yake, mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi mkeka mkavu. Hilo nitaliandika, tena kwa nguvu, maana ni kweli, na sitaki mtu akose kazi kwa uongo uliopita kwenye mkono wangu.

Lakini sitaishia kwenye "hakuna aliyekufa", kana kwamba hakuna aliyetoka. Umesema wewe ni mtu wa hesabu, kwamba watu wanne wakipungua kwako utajua. Matonya amenieleza, umemsomea mnada mzima barua zako. Mwaka wote huo ulikuwa unahesabu nini?

Na hesabu yenyewe ina kosa. Nilitoka na mimba ya miezi mitatu. Nilimtuma Hasani kwako mara mbili. Akarudi akasema umekataza jina la Ihumwa lisitajwe unapokula. Nikasema basi. Alizaliwa wakati wa kiangazi, wakati wa chamchela zile mnazobishania. Ana afya, ana sauti, na akikasirika anakunja kipaji kama mtu ninayemjua.

Nitamwandikia mwalimu habari ya paa. Idadi ya waliotoka nitamwachia nafasi tupu. Ijaze wewe.

Mwanamvua


Ihumwa, mwezi 18 Mfunguo Saba

Kwa Mwalimu Bartolomayo.

Mimi ndiye M. Jina langu ni la kweli, nilipewa na baba yangu.

Paa la nyumba ya Rajabu bin Makame halikushuka. Halijawahi kuvuja. Hakuna aliyekufa chini yake. Kama boma lina ghala la kuezekwa, hapa kwetu hakuna anayeijua kazi hiyo kumpita, nami nasema hivyo nikiwa sina sababu ya kumpendelea.

Kilichoshuka ni baa, la maneno. Watu walitoka katika nyumba ile wakiwa hai, na wako hai hapa Ihumwa. Ni wangapi, na akina nani, aulizwe mwenye nyumba. Yeye ndiye hodari wa hesabu.

Mwanamvua binti Athuman


Dar es Salaam, 13 Aprili 1912

Bwana Fundi Rajabu,

Barua ya Bi Mwanamvua imefika, sheikh ameisoma mbele yangu mara mbili, nami safari hii sikugusa neno. Nilimweleza Bwana Daktari. Akacheka hata miwani ikamdondoka, akasema jambo hili haliwezi kukaa katika Tufani, na kwa kuwa herufi T ni yangu, nilifute. Limefutwa. Orodha itatoka na tufani tano.

Limebaki boma. Waliandikiwa vifo vinne, hawawezi kukaa na vifo vinne vilivyotoweka. Nimeandika karatasi ya masahihisho, ipo ndani ya bahasha hii. Inasema: "Nyumba ya R. bin M., Dodoma. Paa lilisimama. Waliodhaniwa kufa wako hai. Idadi yao ni ........ Majina yao ni ........" Jaza, utie sahihi, upeleke kwa bwana wa ujenzi kwa mkono wako. Nimepata habari kutoka bomani kwamba ghala halitangoja zaidi ya mwezi huu.

Nisamehe nikisema hivi: wanne nilikuwa na hakika nao. Baada ya kusoma barua yake, sina hakika.

Bartolomayo


Dodoma, 18 Aprili 1912

Mwalimu Bartolomayo,

Karatasi yako iko mbele yangu tangu jana na sijaipeleka. Bwana wa ujenzi alimtuma mtu asubuhi kuniuliza kama nalitaka ghala au silitaki. Nikamwambia nalitaka.

Kwanza niseme kuhusu karatasi yenyewe. Ni mbaya. Umeacha nafasi ya vidole viwili kwa majina ya watu wazima na watoto, kana kwamba unaandika lebo ya gunia. Nimegundisha kipande kingine chini.

Hivi ndivyo nilivyojaza, nawe uandike hivyohivyo katika daftari lako. Mwanamvua binti Athuman. Mama yake, ambaye nilikaa naye nyumba moja miaka minane na jina lake nimelazimika kwenda kumuuliza Dorkasi, nalo ni Mwanahawa. Dorkasi alinijibu akiwa mlangoni, hakunikaribisha. Alikuwa na haki. Sikudhani binti Rajabu. Msafiri bin Rajabu.

Hasani nimemuuliza. Amesema alikuja mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia afunge mdomo au afunge nyundo zake aondoke. Sikumbuki, lakini ni maneno yangu, nayajua yanavyokaa. Mji mzima ulijua. Mzee Matonya alijua. Makuli wa reli walijua. Mimi nilikuwa nakupepetea tufani zako kwa mikono miwili, nikifurahia nilivyokukamata, na kinyaa chote nikakimwaga kwenye karatasi yako, hali uchafu mwingine ulikuwa kwangu haujafagiwa. Usinijibu hapo. Sikuandika ili nipewe pole.

Idadi ni watano.

Jina la huyo wa tano silijui. Wala sijui ni wa kike au wa kiume. Mama yake hakusema, na nadhani aliacha kusema kwa makusudi. Nilikuwa niandike "na mtoto mmoja", nikafuta. Boma halitapewa karatasi yenye mtoto asiye na jina na sahihi yangu chini yake. Ghala lingoje. Likimwendea fundi mwingine, limwendee.

Ninafunga barua hii alasiri, naiacha stesheni, na kutoka hapo nashika njia ya Ihumwa kwa miguu. Mama mkwe atakuwa barazani, namjua. Nikifunguliwa nitaingia. Nikifungiwa, nitaliuliza jina hapohapo nje.

Rajabu bin Makame